Filamu za mm 8 zimekaa sanduku la bati Mtwara: kuzihamishia kwenye video, nianzie wapi?

PwaniKusini

Wakuu, habari za humu. Naomba maelekezo ya kitaalamu kuhusu filamu za zamani za familia. Nazungumzia mikanda yenyewe ya projekta, siyo kaseti za VHS.

Ziko rili 14 ndani ya sanduku la bati hapa Mtwara mjini. Ndogo za kipenyo cha inchi 3 ni 11, za inchi 5 ni mbili, na kuna moja ya inchi 7 ambayo mkanda wake ni mpana mara mbili ya nyingine. Mbili kati ya hizo zimo kwenye makopo ya bati yaliyoshika kutu. Rili moja ukiifungua inanuka siki. Mbili zina utando mweupe kama unga kwenye kingo. Moja ya zile za inchi 5 imegeuka wekundu mtupu, ila nyingine rangi zake bado nzuri ukizitazama kwenye mwanga.

Projekta ipo, kibandiko chake kinasema volti 120, Hz 60. Sijaiwasha.

Ninachotaka kujua: nitumie mashine gani? Kuzisafisha kwa spiriti ya dukani inafaa? Je, nikizionyesha ukutani nikarekodi kwa simu, nitakuwa nimepoteza nini? Na ile nyekundu inarudi rangi zake au basi tena?

---

FundiRili_Mikindani

Mkuu, umefanya jambo la maana kutoiwasha projekta. Usiiwashe. Kwanza umeme wetu ni volti 230, ungeunguza taa papo hapo. Hata ukitafuta transfoma ya kushusha hadi 120 (isipungue wati 300), kuna suala la Hz. Nyingi za projekta hizo mota yake inafuata mzunguko wa umeme, kwa hiyo iliyotengenezwa kwa Hz 60 ikipewa Hz 50 inakwenda kwa tano ya sita ya mwendo wake. Fremu 18 kwa sekunde zinakuwa 15. Lakini sababu kubwa kuliko zote ni hii: filamu iliyosinyaa matundu yake hayakutani tena na meno ya projekta. Jino linatua pembeni ya tundu, linachana mkanda, mkanda unasimama mbele ya taa, na fremu inaungua. Hakuna mashine itakayorudisha fremu iliyoungua.

Kabla ya kuzungumzia skana, tambua una nini mkononi. Tandaza shuka jeupe mezani, vaa glovu za pamba au nawa mikono ukauke vizuri, shika mkanda kwa kingo tu.

Mkanda wa milimita 8 uko wa aina mbili kuu. mm 8 ya kawaida, iliyotoka 1932, ina matundu makubwa yaliyokaa kwenye mstari unaotenganisha fremu na fremu, na tundu la katikati la rili ni dogo, kama milimita 8. Super 8, iliyotoka 1965, ina matundu madogo yaliyokaa usawa wa katikati ya picha, na tundu la rili ni kubwa, karibu milimita 13. Usiamini rili peke yake maana watu walikuwa wakihamisha mikanda, amini matundu. Ipo pia Single-8 ya Fuji: vipimo vya picha ni sawa na Super 8, lakini mkanda wake ni wa poliesta. Ukiushika ubavu wa rili dhidi ya mwanga, poliesta hupitisha mwanga, asetati (plastiki ya filamu nyingine nyingi za zamani) huwa kiza. Hii ina maana kwenye kuunganisha, kwa sababu gundi ya filamu haishiki poliesta, utepe tu ndio unaoshika.

Hiyo pana ni mm 16. Angalia kama ina matundu pande zote mbili au upande mmoja. Ikiwa pande mbili, haina sauti. Ikiwa upande mmoja, tazama ukingo wa pili: mstari wa kahawia kama wa kaseti ni sauti ya sumaku, mstari wenye mawimbi meusi na meupe ni sauti ya mwanga, na ukiwa mtupu basi ni filamu bubu.

Kuhusu hofu ya filamu zinazolipuka moto: hiyo ni nitrati, nayo ilikuwa kwenye mm 35. Za mm 8 na 16 za nyumbani zilitengenezwa kwa asetati tangu mwanzo, kwa hiyo hapo tulia.

Sasa hiyo harufu. Asetati ikikaa kwenye joto na unyevu inatoa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo siki yenyewe, na asidi ile ile inazidi kuchochea uozo. Ikishaanza haisimami, na mvuke wake unaambukiza rili za jirani. Itoe sandukuni leo. Kutu ya kopo nayo inachochea uozo, hivyo hayo makopo ya bati yaache. Ukiweza kupata vijikaratasi vya A-D, vile vinavyotengenezwa na Image Permanence Institute ya Rochester, Marekani, weka kimoja ndani ya kila kopo kwa saa 24. Ni vya buluu, vinaelekea kijani kisha manjano kadiri asidi inavyozidi. Usipovipata, rula inatosha kwa kuanzia.

Kipimo cha rula ni hiki. Laza mkanda kwenye meza bila kuuvuta, pasipo na kiungo (mahali ulipokatwa na kuunganishwa), hesabu nafasi 100 kutoka ukingo wa tundu hadi ukingo ule ule wa tundu la mia na moja. Mkanda mzima wa mm 8 ya kawaida unatoa mm 381. Super 8 unatoa mm 423.4. mm 16 unatoa mm 762. Upungufu ukiwa chini ya asilimia 0.8, mashine ya kawaida itaubeba. Ukipita asilimia 1, usiupitishe kwenye kitu chochote chenye meno.

Leta vipimo tuendelee.

---

Mitwero61

Nakubaliana na Fundi kuhusu kupima, ila hilo la ukutani lisikataliwe moja kwa moja. Kwa rili ambayo haijasinyaa, na kwa mtu anayetaka wazee waone sura kabla ya mwisho wa mwezi, kurekodi kutoka kwa projekta kunawezekana, mradi ufuate hesabu.

Tatizo la kwanza ni kupepesa. Projekta nyingi za mm 8 zina kizibo (kifaa kinachozunguka kikiziba na kufungua mwanga) cha mabawa matatu, yaani kila fremu inamulikwa mara tatu. Ikienda fremu 18 unapata mimuliko 54 kwa sekunde, na kamera ya fremu 25 haikubaliani nayo, ndiyo maana video inawaka na kuzima. Ukipata projekta yenye kirekebisha mwendo, ishushe hadi fremu 16 na theluthi mbili. Mara tatu ni 50 kamili. Kamera iweke fremu 25, kizibo 1/50, na kila fremu ya video itapata mmuliko mmoja kamili. Simu iwe na programu inayofungia kila kitu: kizibo, ISO, rangi na fokasi. Ukiiacha ijiamulie, itapandisha na kushusha mwanga kila mandhari ikibadilika.

La pili ni ukuta. Chokaa ya ukutani ina chembe na inanyonya mwanga. Tumia karatasi nyeupe isiyong'aa ya saizi ya A4 hivi, picha iwe na upana wa sentimita 20 hadi 25 tu, na kamera ikae karibu kabisa na lenzi ya projekta ili pembe isiipindishe picha. Chumba kiwe giza.

La tatu halina dawa: katikati ya picha inang'aa kuliko pembe, na weupe unapotea. Hilo ukubali.

---

FundiRili_Mikindani

Hesabu ya Mitwero61 ni sahihi na nimeipenda. Pingamizi langu ni kwamba kila safari ya mkanda kwenye projekta ni mkwaruzo, na mikanda hii ni nakala pekee. Filamu za nyumbani za aina hii ni zile zile zilizokuwa ndani ya kamera, hakuna negativu mahali popote. Kama ni lazima, iwe rili moja iliyo nzima, isiwe zote.

---

PwaniKusini

Nashukuru sana wakuu. Nimepima. Zile ndogo 11: saba ni mm 8 ya kawaida, nne ni Super 8. Za kati zote mbili ni Super 8, na ile nyekundu ina mstari wa kahawia ukingoni.

mm 8 ya kawaida: zote ziko kati ya mm 379.5 na 380. Super 8: tano ziko kwenye 421.5 hivi. Yenye harufu ya siki, ambayo ni moja ya zile nne ndogo, imetoa 418.5 na inajikunja kama mfereji. Ile ya mm 16 imetoa 757, matundu upande mmoja, ukingo wa pili una mstari wa mawimbi. Unga mweupe uko kwenye mbili za mm 8 ya kawaida.

---

FundiRili_Mikindani

Vipimo vyako vinasema wazi. mm 8 zote zimesinyaa chini ya asilimia 0.4, na Super 8 tano chini ya 0.5, hizo zinapita. Ya siki imepoteza asilimia 1.16, hiyo haipiti. mm 16 iko kwenye 0.66, inapitika lakini mashine ndogo za nyumbani hazichukui mm 16 kabisa. Hizo mbili ziende maabara yenye skana isiyotumia meno, inayovuta mkanda kwa roli za mpira na kutambua matundu kwa kamera. Zinazobaki 12 unaweza kuzifanya mwenyewe hapo hapo Mtwara.

Kusafisha. Ule unga ni kuvu au mabaki ya kemikali za mkanda, na kwa unyevu wetu wa pwani dhani ni kuvu. Usiufute ukiwa mbichi, utaupaka. Ziweke rili hizo mbili kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na gramu 100 za silika jeli kwa ndoo ya lita 10 na kipima unyevu kidogo cha dijitali. Subiri kisome kati ya 35 na 45, ziache wiki mbili. Usishushe chini ya 30 maana mkanda utakuwa mkavu wa kukatika. Kisha zipeleke nje, vaa barakoa ya N95, pangusa ubavu wa rili kwa brashi laini huku upepo ukitoka mgongoni kwako.

Maji ni marufuku. Tabaka la picha ni jelatini, na jelatini iliyoliwa na kuvu inayeyuka majini kama sabuni. Spiriti ya dukani ile ya rangi usitumie, ina viongezi vinavyobaki kwenye mkanda. Hata alkoholi ya famasi ya asilimia 70 haifai, kwa sababu asilimia 30 inayobaki ni maji. Inayotakiwa ni isopropanoli ya asilimia 99. Nusu lita inatosha rili zako zote 12 na chenji inabaki. Fungua madirisha, jiko la mkaa liwe mbali.

Kitambaa kiwe kile laini kisichotoa nyuzi, cha kufutia lenzi. Kikunje mara mbili, kilowanishe kiwe na unyevu tu bila kuchuruzika, bana mkanda katikati na vidole viwili bila kukaza. Zungusha rili ya kupokea polepole, sentimita 15 kwa sekunde. Kati ya kitambaa na rili ya kupokea acha nusu mita, ili alkoholi iwe imekauka kabla mkanda haujajiviringa. Ukijiviringa ungali na unyevu, unaganda. Geuza kitambaa upande safi kila mita 3 hivi, utaona weusi unaotoka. Rili ya futi 50 inachukua kama dakika mbili. Kwenye viungo vya utepe inua kitambaa, alkoholi inalegeza gundi. Kwenye ile yenye mstari wa kahawia, jaribu kwanza sentimita 5 za mwisho. Kitambaa kikitoka na kahawia, acha, isafishe kwa kitambaa kikavu tu, maana hiyo ni sauti inayofutika.

Viungo vya gundi vya zamani vimekauka, utaona vinaachia vyenyewe. Usiviunge kwa selotepu ya ofisini. Gundi yake inatoka pembeni kwa joto la hapa na kushika mzunguko wa juu na wa chini. Nunua utepe maalumu wa filamu na kifaa chake kidogo chenye pini zinazoingia kwenye matundu. Mwanzoni na mwishoni mwa kila rili unga mita moja ya mkanda mtupu mweupe, la sivyo fremu za mwanzo zitaishia kwenye kushikia mashine.

Skana. Kwa bei ya kawaida ziko mashine ndogo za fremu kwa fremu, kama Wolverine MovieMaker-Pro na ndugu zake. Zinapiga picha ya kila fremu kama mbili kwa sekunde, zinaunda faili la MP4 kwenye memori kadi. Futi 50 za Super 8 ni fremu 3,600, kwa hiyo nusu saa. Futi 200 ni saa mbili. Hazisomi sauti. Udhaifu wake useme wazi: zinabana video sana, na zinanoa picha hadi chembe za filamu zinaonekana kama mchanga. Nenda kwenye mipangilio, punguza unoaji hadi kiwango cha chini kabisa.

Mwangaza nao usiachie mashine. Mandhari ya mchanga mweupe wa Msimbati saa sita mchana inaidanganya mashine, inatia giza kila kitu, na sura za watu zinakuwa vivuli. Kwa rili za namna hiyo skani mara mbili, moja kwa kipimo cha mwanga 0 na nyingine kwa +0.5 au +1, uzihifadhi zote. Filamu ya aina hii ina tofauti kali sana kati ya mwanga na kivuli, mkupuo mmoja haubebi vyote.

Picha ikirukaruka juu na chini, sababu kwa kawaida ni rili ya kupokea kuvuta kupita kiasi, au rili ya kutolea kukwama. Legeza mkanda kwa mkono uone kama inatulia. Kila ukibadilisha rili, puliza dirisha la picha kwa pampu ya mpira. Unywele mmoja hapo utaonekana kwenye fremu zote 3,600.

Na umeme. Faili la MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni. Umeme ukikatika dakika ya 110 ya rili ya saa mbili, faili lote halifunguki. Weka UPS (betri inayoshika umeme ukikatika), hata ndogo, kwa sababu mashine inakula umeme kidogo. Na rili za futi 200 zikate kwenye mafaili mawili au matatu kwa kusimamisha na kuanza tena kwenye kiungo.

---

KamusiYaPicha

Naongezea njia ya pili kwa mwenye kamera ya kubadilisha lenzi, maana ubora wake unazidi hizo mashine mbali sana. Projekta mbovu inavuliwa taa yake, inawekwa LED nyeupe yenye uaminifu wa rangi wa 95 na kuendelea nyuma ya kioo cha maziwa, mota inabadilishwa na ya polepole, na swichi ndogo kwenye ekseli inafyatua kamera kila fremu inaposimama.

Hesabu ya lenzi ndiyo wengi wanaikosea. Fremu ya Super 8 ina upana wa mm 5.8 tu. Lenzi ya makro ya moja kwa moja kwenye kamera ya APS-C (kihisi cha picha cha ukubwa wa kati) yenye pikseli 6,000 kwa upana wa mm 23.5 inakupa pikseli 1,480 hivi kwa fremu, zinazobaki ni giza. Kupata zaidi unahitaji kukuza mara tatu hivi, kwa mfano lenzi ya mm 50 ya kuchapishia picha iliyogeuzwa nyuma mbele kwenye mivukuto. Tumia kizibo cha kielektroniki: hizo rili zako 12 zilizobaki, ukitoa ile ya siki na ya mm 16, ni fremu zaidi ya 67,000, na vizibo vingi vya chuma hukadiriwa mizunguko laki moja hivi. RAW (faili la kamera lisilobanwa kuwa JPEG) ya MB 25 kwa fremu 3,600 ni GB 90 kwa rili moja ndogo. Hayo yajulikane kabla.

Sasa mwendo, jambo ambalo nyumba nyingi zinaliharibu. mm 8 ya kawaida ilipigwa kwa fremu 16 kwa sekunde, Super 8 kwa 18. Hizo skana ndogo zinaunda faili la fremu 20. Ukiliacha hivyo, watu wanatembea kama wana haraka, na ukilirusha kwa 25 wanakimbia kabisa. Rekebisha muda bila kubana upya. Kwa ffmpeg (programu ya bure ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri), mm 8 ya kawaida:

ffmpeg -itsscale 1.25 -i rili01.mp4 -c copy rili01_16.mp4

Kwa Super 8 weka 1.11111 badala ya 1.25. Picha haziguswi, muda tu ndio unaobadilika, na inaisha kwa sekunde chache. Rili ya futi 50 ya mm 8 ya kawaida ikitoka na dakika 4 na sekunde 10, umepatia. Super 8 ni dakika 3 na sekunde 20. Ukitaka nakala ya runinga ya fremu 25, programu irudierudie fremu. Ikizichanganya mbili kuwa moja, mikono ya watu inakuwa na kivuli cha pili.

Kama ulipiga picha mojamoja, nakala kuu iwe FFV1 (mbinu ya kubana video) ndani ya faili la MKV, haipotezi kitu:

ffmpeg -framerate 18 -i fremu_%05d.tif -c:v ffv1 -level 3 rili05.mkv

Rangi. Zilizobaki nzuri yawezekana ni Kodachrome. Soma ukingo wa mkanda, jina limeandikwa. Rangi zake hudumu gizani kuliko karibu filamu zote za wakati wake. Hiyo nyekundu imepoteza rangi ya samawati na kiasi cha manjano, imebaki waridi. Inarudi kwa sehemu. Programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve, ile ya bure, inatosha: fungua grafu ya chaneli tatu, nyoosha kila chaneli peke yake mpaka kitu unachojua ni cheupe kiwe cheupe. Kanzu juani au ukuta wa chokaa ni kipimo kizuri. Kanzu kivulini hapana, kivuli kina buluu yake. Usitumie kitufe cha kurekebisha rangi chenyewe. Kama kuna mandhari ya Newala, udongo mwekundu umejaza fremu, programu itadhani wekundu huo ni kosa, itauvuta kuwa kijivu, na ngozi za watu zitageuka buluu. Udongo ule ni mwekundu kweli, uache.

Kwenye ukingo huo huo wa filamu za Kodak kuna maumbo madogo, duara, mraba, pembetatu. Ni alama ya mwaka wa kutengenezwa mkanda, siyo wa kupigwa picha, na hurudia kila baada ya miaka 20. Linganisha na mavazi na magari kuchagua ni mzunguko upi.

Sauti ya ile nyekundu: skana yako haitaisoma. Inahitaji projekta ya Super 8 yenye kichwa cha sumaku, sauti itolewe kwa waya kutoka tundu la nyuma hadi kompyuta, 48 kHz, biti 24, projekta ikiwa imefungiwa lenzi. Kwenye mkanda sauti imetangulia picha yake kwa fremu 18, ila projekta inalifidia hilo yenyewe. Wewe utalinganisha faili la sauti na la picha kwa kutafuta mlango unaofungwa au makofi. Kama mkanda ulikatwa na kuungwa, tegemea sauti kuruka sekunde moja kutoka kwenye mruko wa picha. Hilo limo kwenye filamu, siyo kosa lako.

---

Mitwero61

La kuhifadhi halijaguswa. Kwa pwani yetu, kazi yote hiyo ifanyike kipindi cha kusi, Juni hadi Oktoba. Mvua za Desemba hadi Aprili unyevu hauruhusu mkanda kukauka, na kuvu inapata nguvu pale unyevu unapopita 65 hadi 70 kwa muda mrefu.

Baada ya kuskani usizitupe. Skana za miaka ijayo zitatoa zaidi, na mkanda ndio asili. Rili ziwe za plastiki, makopo ya polipropilini, yale yenye namba 5 ndani ya pembetatu. Zilale bapa. Zilizo nzima ziingie kwenye ile ndoo ya silika jeli. Silika ikibadilika rangi, irudishe kwenye oveni ya keki nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu. Ile ya siki isiingie humo, ikae chumba kingine kwenye kopo lenye matundu ili asidi itoke. Usiweke juu ya kabati chini ya bati, mchana pale ni jiko. Chini ya kitanda, chumba cha upande wa mashariki, ni bora. Friji ya nyumbani siishauri: umeme ukikatika na kurudi, matone yanajitengeneza ndani ya kopo.

Mafaili: nakala tatu, kwenye diski mbili za nje tofauti, na moja iwe kwa ndugu wa mji mwingine. Flashi ni ya kubebea tu. Kwenye WhatsApp tuma kama hati, ukituma kama video inabanwa upya. Majina ya mafaili yabebe habari, kwa mfano R03_mm8_16_mwanga0. Na bahasha na maboksi ya kadibodi yenye mwandiko, piga picha kabla ya kuyaondoa, maana mhuri wa posta mara nyingi ndio tarehe pekee iliyopo.

---

PwaniKusini

Asanteni mno, nimenakili kila kitu. Swali la mwisho: ya siki na ya mm 16 zitakwenda kwanza Dar kwa basi, halafu ndugu atazibeba kwa ndege. Mashine za kukagua mizigo za uwanjani hazitaziunguza?

---

FundiRili_Mikindani

Filamu iliyokwisha kusafishwa maabara, yaani yenye picha unazoziona, eksirei haiigusi kabisa. Inayodhurika ni ambayo haijasafishwa. Kagua sanduku kama kuna katriji ambayo haijawahi kusafishwa. Ikiwepo ibebwe mkononi na iombewe kukaguliwa kwa macho. Kodachrome ya namna hiyo leo inaweza kusafishwa kwa rangi nyeusi na nyeupe tu, kemikali zake za rangi ziliachwa mwishoni mwa 2010.

Kwenye basi usiikabidhi kwenye buti, kilomita zaidi ya 500 kwenye joto la injini ni nyingi kwa mkanda uliokwisha sinyaa. Iende na abiria, juu kwenye kibebeo, upande usiopigwa na jua. Kila moja kwenye mfuko wake, ya siki mfuko wake uachwe wazi kidogo na mbali na ya mm 16. Usiiviringe upya kuikaza kabla ya safari, iache ilivyojikunja. Andika kwenye kopo: aina, asilimia ya kusinyaa uliyopima, na kama ina sauti. Fundi wa maabara atajua pa kuanzia kabla hajaigusa.